Masika Tuliyoiogopa Nyumba ya Bi Mwamvua

Pangani, Jumatatu, 14 Machi 1955

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, darasa la nne wakiwa katikati ya hesabu za kugawanya. Shule yetu ya wasichana ni bati tupu, haina dari, na mvua ikilipiga lile bati hata ukipaza sauti kama muadhini husikiki. Nikawaambia wafunge madaftari. Wakasogea mbele, wote ishirini na watatu, wakakaa wamebanana kama ndizi kwenye chane.

"Mwalimu Mastura, tupe hadithi. Ya kutisha!" Huyo ni Sabiha, ambaye hanyamazi hata akiwa na homa.

Nikawapa ya jini mwenye pembe saba anayekaa ng'ambo ya mto, kule Bweni, na kula watu wanaochelewa pantoni. Nilikaza macho, nikanguruma, nikapiga meza kwa rula. Walicheka mpaka Sabiha akaanguka kutoka kwenye benchi.

Nimerudi nyumbani nikiona haya kidogo. Nilitaka waogope.

Jumanne, 15 Machi

Mvua. Hesabu za kugawanya hazijaisha.

Ijumaa, 18 Machi

Baada ya shule nilikwenda kwa Bi Mwamvua, kama kila Ijumaa tangu nirudi kutoka chuoni. Mwalimu Beatrisi, mwalimu mkuu wetu ambaye nakaa naye kwenye nyumba ya walimu, husema naenda kwa mama yangu. Simkatalii. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Kigombe, na mtoto wa kike angemlea nani kwenye kambi ile? Akanileta kwa Bi Mwamvua, rafiki ya mama. Nilikaa naye miaka minane, na nilipovunja ungo yeye ndiye aliyekuwa somo yangu, akanifunda. Hadi leo namwita Somo.

Nyumba ni ile ile. Ya mawe, ya ghorofa moja, dirisha la juu limepakwa rangi ya kijani ambayo hakuna mtu mwingine mjini aliyeitaka. Ukipita ukumbini unatokea uani: kisima, mpera, na tanuri la udongo analochomea mikate ya mofa. Juu ya mtungi, kata ya kuchotea maji imetundikwa msumarini. Ngazi ina kidato cha tatu kinacholia ukikikanyaga. Nilipokuwa mdogo nilikiruka ili Somo asijue kama nimekwenda juu kulala bila kunawa miguu, na siku zote alijua.

Nilimsimulia habari ya jini wa pembe saba. Akacheka hata akaacha kukanda unga.

"Pembe saba! Mwana we, mtoto akishahesabu pembe ameshamaliza kuogopa. Mimi nilikuwa nakuambia nini?"

Nikakumbuka. Hakuwa akiniambia kitu. Alikuwa akisimulia kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya samaki, kisha katikati ya maneno ananyamaza na kugeuza shingo, kama aliyesikia mtu uani. Basi. Mimi nilikuwa najaza mwenyewe yaliyobaki, na yangu yalikuwa mabaya kuliko ya jini yeyote.

Alinipa mikate miwili nikala njiani kwenye mvua.

Jumanne, 22 Machi

Leo nimeweza.

Mvua ilianza baada ya mapumziko. Sikukaza macho. Nilikaa juu ya meza, nikaanza taratibu, hata wa nyuma wakalazimika kuinama mbele wanisikie. Nikawaambia kulikuwa na mwanamke msafiri aliyenyeshewa akakimbilia baraza ya nyumba moja ya mawe, mlango uko wazi. Akapiga hodi. Kimya. Akaingia. Uani tanuri lina moto, mkate umeiva, haujachukuliwa. Kikombe cha kahawa kinafuka moshi. Mpera umedondosha pera moja, na hilo pera limeng'atwa, na palipong'atwa bado ni peupe. Kata juu ya mtungi inatingishika, kama iliyorudishwa msumarini sasa hivi.

Hapo nikanyamaza, nikageuza shingo.

Darasa zima likageuka pamoja nami.

Msafiri akapiga hodi tena. Akapanda ngazi. Kidato cha tatu kikalia. Akafika juu, mlango wa chumba umerudishwa, haukufungwa. Na nyuma ya mlango, sauti iliyokauka, kama ya mtu ambaye hajasema kwa miaka, ikamwambia: "Karibu, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

Nikashuka mezani, nikasema, "Fungueni madaftari."

Hakuna aliyefungua. Binti mmoja wa mbele alikuwa ameshika mkono wa mwenziwe mpaka kucha zimeingia.

Nilitoka pale nikijiona mkubwa kuliko liwali.

Jumatano, 23 Machi

Wameniomba niiandike ubaoni wainakili. Imechukua kurasa mbili za daftari. Nimeifanya somo la imla na mwandiko, kwa hiyo hakuna atakayesema nimepoteza wakati wa serikali.

Ijumaa, 25 Machi

Mwalimu Beatrisi ni mtu wa Muheza, Mkristo, mama wa watoto wakubwa, na si mwepesi wa kutishika. Leo kwenye chai aliweka daftari la mwanafunzi mbele yangu.

"Nimeisoma hii. Jana nikaenda kisimani mchana kweupe, nikatazama nyuma mara mbili. Humu hamna maiti, hamna jini, hamna damu. Umefanyaje?"

Nikamweleza nilivyojifunza. Kwamba mtu haogopi kitu asichokijua sura, anaogopa kitu anachokijua kikikaa vibaya kidogo tu. Kikombe kila mtu anakijua. Mkate kila mtu anaujua. Ukiviweka vyote mahali pake, kisha ukamtoa mtu, msomaji anaanza kumtafuta mwenyewe. Na maneno yawe mafupi, ya upole. Ukipiga kelele wewe, yeye ananyamaza. Ukinyamaza wewe, moyo wake ndio unapiga kelele.

"Na nyumba umeitoa wapi?"

"Nimeibuni," nikasema.

Nimeliandika neno hili hapa ili nilitazame. Sikuwa nimeibuni.

Ijumaa, 1 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Njia ya kwenda kwa Somo imekuwa mto, sikwenda. Nasikia hadithi yangu imetoka shuleni, dada wakubwa wanaisoma majumbani.

Alhamisi, 7 Aprili

Mwalimu Beatrisi amekwenda kwao kwa Pasaka. Kabla ya kuondoka aliniambia, kama jambo dogo, kwamba amesikia wasichana wakibishana kama dirisha la nyumba ya kwenye hadithi ni la kijani au la buluu. Mimi dirisha sikulitaja kabisa.

Ijumaa, 8 Aprili

Kwa Somo. Alikuwa na mikate mingi imebaki, imefunikwa kawa. Zamani kufika saa mbili asubuhi mikate ilikuwa imekwisha, watoto wamejaa ukumbini na visahani vyao, mmoja anachota maji, mwingine anapanda mpera, Somo anawagombeza wote kwa majina na raha imemjaa usoni. Hakuzaa. Mumewe alifariki mwaka ule nilipokwenda chuo. Nadhani mikate ile aliichoma zaidi kwa ajili ya makelele yale.

"Wanakuja wawili wawili siku hizi," akasema. "Wanasimama kule barabarani wananiita. Hawaingii. Sijui nimewakera nini."

Nikatazama kata juu ya mtungi. Nikala mkate niliopewa.

Jumanne, 19 Aprili

Niliwaambia darasa: "Ile nyumba haipo popote." Wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti moja, ile wanayotumia wakiitikia jambo wasiloliamini.

Jumapili, 24 Aprili

Mwezi umeandama. Ramadhani na mvua pamoja. Somo atauza sana futari, nikajipa moyo. Mwezi huu mji mzima hutaka mofa.

Alhamisi, 28 Aprili

Somo ana mafua, sauti imemkauka kabisa. Anaongea kama mlango wenye kutu. Nilimchemshia mchaichai wa kufuturia. Mikate imebaki tena.

Jumanne, 3 Mei

Nitaandika kama nilivyosikia.

Leo alasiri mvua ilikuwa ya manyunyu. Mwanamkasi, mama yake Sabiha, alimtuma mwanawe mikate kwa Bi Mwamvua. Mtoto akakataa. Mama akasema upumbavu gani huo, nenda. Sabiha akaenda peke yake. Mlango ulikuwa wazi, kama siku zote. Akapiga hodi, hakujibiwa. Akaingia mpaka ukumbini. Haya amenieleza mwenyewe, akiwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, mama yake hajafika bado.

"Nikaona tanuri lina moto, mwalimu. Na kikombe."

Somo alikuwa juu, ametoka kuswali, amesikia hodi. Alimjua Sabiha kwa sauti, na mikate yao alikuwa amewawekea pembeni tangu adhuhuri. Akaja mpaka juu ya ngazi, na koo lile lililokauka, akamwita kwa upendo wote alionao:

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

Sabiha alikimbia. Akateleza kwenye vidato vya barazani vilivyoroa, akaangukia mkono. Kifundo cha mkono kimevunjika. Wamemfunga vibao na bandeji, na bwana mganga anasema utaunga kwa mwezi, mfupa ni mchanga.

Watu waliomwokota walimkuta anarudia maneno yale yale, "Alikuwa ananingoja, alikuwa ananingoja." Kabla ya magharibi mji wote ulikuwa umejua kwamba nyumba ya Bi Mwamvua ina kitu.

Na Somo? Alishuka ngazi akimwita mtoto aliyeumia, na watu wakampisha njia kwa kurudi nyuma. Jirani aliyeniambia haya alisema alisimama kwenye baraza yake na kitambaa cha mikate mkononi, akiwatazama watu anaowajua miaka thelathini, na hakuna aliyemkaribia.

Sikufuturu ipasavyo. Maji tu na tende moja.

Jumatano, 4 Mei

Sikusema kitu. Nilifundisha jiografia.

Alhamisi, 5 Mei

Sikusema kitu. Wazee wawili wameshauri pasomwe Kurani katika nyumba ile. Somo amewajibu kwamba Kurani husomwa humo kila siku, anaisoma yeye.

Ijumaa, 6 Mei

Mtu aitwaye Msafiri amekuja kutoka Tanga kwa basi. Ni mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Somo, anafanya kazi bandarini, ana nyumba Ngamiani na watoto watano. Ni mtu mwema, ndiyo maana sikuweza kumchukia. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, Somo mbele yake.

"Mama mdogo, kwa nini ukae peke yako na maneno haya? Mji ukishaigeuka nyumba, hairudiki. Twende kwangu. Ukimaliza Idi tu, nakuja kukuchukua."

"Nyumba hii haina kitu, Msafiri."

"Najua haina. Lakini watu wanasema ina, na wewe ndiye unayelala humo."

Somo akanigeukia. "Mastura, mwambie. Umekulia humu. Uliwahi kuona kitu?"

"Sijawahi," nikasema. Hilo tu. Nikaaga kwa kisingizio cha madaftari.

Nimejifungia chumbani nalia kama mtoto. Nimeitazama hadithi yangu upya. Kila kitu kilichomo nakipenda. Lile pera ni nililoling'ata mimi nikiwa na miaka saba, Somo akaitwa ghafla msibani nikabaki peke yangu uani, nikaona nyumba ilivyo kubwa. Kikombe ni cha marehemu mzee, aliyekuwa akikiacha kwenye ukingo wa kisima. Nilichukua vitu nilivyovipenda kuliko vyote duniani na kuvitumia kutisha watoto, kwa kuwa ndivyo nilivyovijua kwa harufu na kwa sauti. Nyumba nisiyoijua ningeiandika vibaya, na wangecheka.

Jumapili, 8 Mei

Nimekwenda kwa Somo baada ya adhuhuri, daftari kwapani. Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya kudumu, isiyo na haraka. Alikuwa anachambua mchele. Tanuri baridi.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Mbona umesimama mlangoni kama mgeni?"

"Somo, nyumba haina kitu. Kitu ni mimi."

Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua, chuya huku, mchele huku, mpaka nikamaliza.

"Isome."

"Somo, tafadhali."

"Nimeona watu wakinirudia nyuma kama mwenye ndui. Nina haki ya kusikia kilichowakimbiza. Isome kama ulivyowasomea wao."

Nikaisoma. Nilijitahidi kuiharakisha, akaniambia nisiharakishe. Nilipofika penye kata nikanyamaza, na yeye akageuza shingo. Nikamaliza. Mvua ndiyo iliyokuwa ikisikika peke yake.

"Tanuri ni langu," akasema.

"Ndiyo."

"Mpera wangu. Kata yangu. Kidato ni changu, marehemu kila siku alisema atakigongea msumari, hakuwahi. Na kikombe chake umekitia."

"Ndiyo, Somo."

"Hata hiyo sauti, hiyo ya kuteremka pole pole mwishoni. Hiyo nayo nimekupa mimi."

"Ni yako."

"Basi vitu vyangu vyote vimo. Mimi niko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Hukuwamo, Somo. Nilijaribu kukutia. Kila nilipokuweka jikoni, hofu ikaondoka. Ukiwamo wewe, haitishi."

Aliweka ungo chini. Nilidhani atanifukuza, au atalia. Aliitazama nyumba yake, kuta, ngazi, ua unaonyeshewa, kama anayeiona kupitia macho yangu.

"Miaka minane nimekulea humu," akasema mwishoni. "Ukatafuta nyumba ya kutisha watu, ukaiona hii."

"Niliiona hii kwa sababu ndiyo ninayoipenda."

"Nakuamini. Lakini linauma vile vile." Akavuta ungo wake. "Sasa nenda kwa Mwanamkasi. Mimi ni wako, nitakusamehe nitakapotaka. Yule si wako, usimngojeshe."

Jumatatu, 9 Mei

Kwa mama yake Sabiha. Hakunikaribisha kukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama ukumbini kwake, na Sabiha anachungulia kwenye pazia, mkono umening'inia kwenye kitambaa.

Mwanamkasi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mwalimu, tulikupa mtoto umfundishe kusoma. Ukamfundisha kuogopa. Sasa hata chooni hawezi kwenda bila mimi kusimama mlangoni. Kuogopa umemfundisha siku moja. Kuacha utamfundisha kwa siku ngapi?"

Akalivuta pazia, akaendelea:

"Mkono utapona. Lakini hatarudi darasani mwako. Na mimi nimemwonea haya Bi Mwamvua, maana siku ile nilipofika kwake nikimtafuta mtoto, na mimi nilirudi nyuma."

Alifunga mlango polepole. Bora angeupigiza.

Jumanne, 10 Mei

Mwalimu Beatrisi amekusanya nakala zote darasani. Ameniandikia barua ya onyo, imewekwa kwenye faili langu. Aliponikabidhi nitie sahihi alisema, "Ilikuwa hadithi nzuri, Mastura. Ingekuwa mbovu, nisingekuandikia barua hii."

Kisha akanipa ruhusa ya kipindi kimoja na darasa.

Niliwavunjia hadithi vipande vipande, kama mtu anayefumua mkeka. Niliwaambia mlango ulikuwa wazi kwa sababu mwenye nyumba anapenda watu waingie. Kata ilitingishika kwa upepo wa mlango. Pera nililing'ata mimi. Nikawaonyesha nilipoteremsha sauti, na kwa nini. Nikairudia mara ya pili, na safari hii msafiri anapofika juu ya ngazi mlango unafunguka, na ndani yupo Bi Mwamvua na mafua yake, anamwambia, "Karibu, mwanangu, nilikuwa nakungoja. Mkate unapoa. Na hayo matope miguuni umeyaacha kwenye ngazi yangu yote?"

Walicheka. Lakini mmoja aliuliza, "Mwalimu, sasa tuamini ipi?" Nikaona nimevunja kitu kingine tena. Nikamwambia, njoo umwone mwenyewe, kisha uamue.

Mama zao hawakuwaruhusu.

Alhamisi, 12 Mei

Nimehamia kwa Somo. Sanduku moja na godoro. Sikuomba, nilifika tu. Alinitazama, akasema, "Chumba chako kina popo, kifagie."

Jumamosi, 14 Mei

Tunachoma mikate pamoja baada ya adhuhuri. Mimi naiunguza. Tunakaa barazani na kawa zetu, watu wapite watuone. Jana aliyenunua ni mmoja. Leo watatu.

Jumatano, 18 Mei

Mvua imepungua. Somo amenisimulia jinsi mama yangu alivyokuwa akiogopa mijusi. Sikuwahi kujua. Tumecheka mpaka saumu ikatuchosha. Sijui mambo mangapi ya mama yamo ndani ya mwanamke huyu, na mimi nilikuwa nakuja Ijumaa tu.

Jumanne, 24 Mei, Idi

Wamekuja! Saa tatu asubuhi, na nguo mpya na wanja, wakasimama barabarani wamekusanyika kama kuku wanaoogopa kuvuka njia. Nikahesabu kumi na wawili. Sabiha hayumo.

Somo alikwenda hadi mlangoni. Sauti yake imerudi, nzima kabisa, ile ya kugombeza.

"Mnangoja nini? Nimepika vileja sinia nzima, nile peke yangu nipasuke?"

Aliyeingia kwanza aliingia kwa kusukumwa. Baada ya robo saa mmoja alikuwa juu ya mpera na nguo ya Idi, Somo chini yake anampigia kelele ashuke, na wengine wakipanda na kushuka ngazi kusikia kidato kinavyolia. Mmoja akamuuliza, kwa heshima zote, "Bibi, wewe ndiye uliyekuwa ukingoja?"

"Ndiyo mimi," akasema Somo. "Tangu Machi nangoja. Mmechelewa."

Alhamisi, 26 Mei

Nilidhani atabaki. Leo ameniambia atakwenda Tanga. Nilikwenda kuchota maji yasiyohitajika.

Jumapili, 29 Mei

Msafiri alifika na basi la asubuhi. Vitu vya Somo vilikuwa vichache: sanduku, mswala, sufuria mbili, na kikombe cha marehemu amekifunga ndani ya kanga. Tulikaa stendi tukingoja basi lijae.

Nikashindwa kujizuia. "Somo, unaondoka kwa sababu yangu?"

Jua lilikuwa limetoka, barabara inafuka mvuke.

"Kubwa ni magoti. Kisima kile kinanishinda, na ngazi pia. Na Msafiri ana watoto watano, nyumba haina kimya hata kidogo." Akanishika kidevu kama zamani. "Lakini kidogo ni wewe. Sitakudanganya siku ya safari. Siku ile watu waliponirudia nyuma, kitu kilikatika ndani yangu, na hata walipokuja Idi hakikuungika chote."

"Nisamehe, Somo."

"Nimeshakusamehe. Siku uliyoleta lile godoro. Kusamehe na kubaki ni vitu viwili." Akanipa ufunguo wa mlango. "Kaa humo. Usiache nyumba yangu tupu. Nyumba tupu watu huisemea."

Basi lilipoondoka alikaa upande wa dirisha na hakugeuka, maana alikuwa tayari anazungumza na mwanamke wa kiti cha pili. Nilisimama mpaka likakata kona ya minazi.

Nilirudi peke yangu. Nilifungua mlango, nikapita ukumbini, nikasimama uani. Hakuna kilichonitisha. Nilitamani hata kitishe. Nilikaa karibu na tanuri nikalia hadi alasiri, kisha nikaroweka unga wa kesho.

Alhamisi, 2 Juni

Masika yamekwisha, ua umekauka. Mikate ya leo nimeiunguza upande mmoja, kama kawaida yangu.

Nilikuwa naikwangua masizi barazani nilipoona kivuli kimesimama mbele yangu. Mwanamkasi, na Sabiha ubavuni. Vibao vimeondolewa, mkono wake umekuwa mwembamba, mweupe kama mzizi.

Hatukusalimiana kwanza. Alitazama kawa.

"Mikate ipo?"

"Ipo, lakini imeungua."

"Nimesikia Bi Mwamvua amekwenda. Sikuwahi kuja kumtaka radhi."

"Nitamwandikia," nikasema. "Nitamwambia ulikuja."

Sabiha alikuwa akichungulia ndani kupitia mlango ulio wazi, shingo ndefu.

"Mama, naomba niingie nikaone."

Niliona mkono wa mama unavyomshika bega, unavyokaza, kisha unavyolegea.

"Ingia. Mimi nipo hapa hapa."

Mtoto akaingia. Tukasikia nyayo zake ukumbini, polepole, kisha uani, kisha haraka zaidi. Mwanamkasi akaketi kwenye baraza, pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Mei akanitazama usoni. Akachukua mkate mmoja kutoka chini ya kawa, akaumega pale palipoungua, akanipa nusu.